Hadithi za Picha na Heshima ya Msomaji Mpya

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia kila siku kwa habari za chakula na malazi, lakini yafaa pia kwa habari za vitabu. Mtu aliyejifunza kusoma juzi ni mgeni katika nyumba kubwa ambayo wengine wetu tumekaa humo miaka mingi hata tumesahau tuliingia kwa mlango upi. Anapobisha hodi, hapana budi mwenyeji atoke kumpokea. Swali tunalotaka kulichungua katika insha hii ni hili: je, ni jambo la heshima kumkaribisha msomaji mpya kwa hadithi za picha? Na swali hilo limebeba jingine zito zaidi: yule anayempendekezea mwenzake kitabu anabeba wajibu gani?

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Tunaposema hadithi za picha tuna maana ya masimulizi yanayokwenda kwa visanduku vya michoro vilivyopangwa kwa taratibu, na maneno ya wahusika yakiwa yameandikwa ndani ya viputo. Wengine huita vibonzo, wengine katuni, na zile ndefu zenye kisa cha kitabu kizima siku hizi huitwa riwaya za picha. Mapema katika miaka ya 1980, mchoraji Terry Hirst alitoa mjini Nairobi mfululizo wa vitabu vya namna hiyo akauita Pichadithi, yaani picha na hadithi zilizofungwa pamoja. Jina hilo linatuelekeza vizuri, maana katika sanaa hii picha haikuja kuyapamba maneno, wala maneno hayakuja kuieleza picha. Kila kimoja kinashika upande wake wa mzigo.

Tuuweke mjadala huu mahali panapojulikana. Tuchukue vijiji vya Keza, wilayani Ngara, katika mkoa wa Kagera. Mtoto wa huko, kama walivyo wenzake wengi wa Ngara na Biharamulo, hazaliwi katika Kiswahili. Nyumbani husikia Kihangaza au Kishubi, au lugha nyingine ya wazazi wake. Kiswahili chenyewe hukutana nacho hasa shuleni. Kwa hiyo siku anapofunguliwa kitabu cha kwanza, hupandishwa vilima viwili kwa wakati mmoja: kilima cha herufi na kilima cha lugha. Mtoto wa Pwani anaposoma neno "akanuna" anajua tayari kununa ni nini. Lililobaki ni kulitambua neno hilo kwa herufi zake. Mwenzake wa Keza aweza kuzitamka herufi zote sawasawa na bado asijue ni jambo gani lililotendeka. Lakini mwonyeshe uso wa mtu aliyenuna, na neno lenyewe likiwa limeandikwa kando yake, naye atalishika neno hilo wala halitamtoka tena.

Haja hii si ya watoto peke yao. Taifa letu lilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hata mwaka 1967 walikuwa wapata theluthi mbili. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mikoa ya Ziwa, pamoja na mkoa wetu uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa umekwisha anza tangu mwaka 1968 mpango wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, ambao ulifundisha kusoma kwa kutumia kazi za watu wenyewe, kama kilimo cha pamba na cha migomba. Gazeti la Elimu Haina Mwisho likachapishwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji hao wapya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Ilipofika mwaka 1986, takwimu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hata kufikia asilimia 9.6.

Ushindi ule ulikuwa mkubwa, nao ulikuwa na mtihani wake. Kusoma ni kama jembe: lisipolimiwa, hushika kutu. Watu wengi waliofaulu majaribio ya kusoma walirudi katika nyumba zisizokuwa na karatasi yoyote iliyochapishwa, na baada ya miaka michache herufi zikaanza kuwakimbia. Waliofundishwa walikuwa tayari kusoma, ila hawakuwa na kitu cha kusoma kilicholingana na nguvu zao na pia na umri wao. Vitabu vyepesi vilikuwa vya watoto. Vitabu vya watu wazima vilikuwa vizito. Mzee aliyekwisha oza mabinti akapewa kitabu cha paka na mpira, naye akakifunga kwa aibu. Hapo ndipo tunapoona kuwa suala la kumchagulia msomaji mpya ni suala la heshima ya mtu, wala si la ufundi wa kufundisha peke yake.

Sasa tuzipime hoja za wale wasioziafiki hadithi za picha, maana nao ni watu wenye nia njema. Hoja ya kwanza husema kuwa kusoma picha si kusoma. Ni uvivu uliovishwa kanzu ya elimu. Picha, wanasema, humtafunia msomaji kila kitu. Tunadhani wasemao hivyo hawajaitazama sanaa hii kwa makini. Tazama nafasi ile nyeupe iliyopo kati ya kisanduku kimoja na kingine. Katika kisanduku cha kwanza mtu ameinua panga juu ya mkungu wa ndizi; katika cha pili mkungu uko kichwani mwa mkewe njiani. Nani ameukata? Nani ameubeba hadi njiani? Muda gani umepita? Hakuna palipoandikwa. Msomaji ndiye aliyeyatenda yote hayo kwa akili yake, ndani ya nafasi isiyozidi upana wa kidole. Sisi tuliolelewa na vitendawili tunaijua kazi hiyo. Mtegaji husema jambo nusu, akanyamaza. Na katika ukimya ule ndipo akili ya mteguaji inapokimbia. Hakuna aliyewahi kusema kuwa kutegua kitendawili ni uvivu.

Zaidi ya hayo, picha nazo husomwa kwa kufundishwa. Kipo kisa kinachosimuliwa mara nyingi miongoni mwa waelimishaji, kwamba wanakijiji walionyeshwa mchoro mkubwa wa mbu ili waelezwe habari za malaria, nao wakajibu kwa utulivu kuwa kwao hakuna hatari, kwa sababu mbu wa kwao ni wadogo sana. Watu hucheka kisa hiki na kuwadharau wanakijiji. Sisi twaona kuwa aliyekosea ni mchoraji, aliyedhani kuwa desturi za kuchora huzaliwa pamoja na mtu. Kwamba kitu kidogo chaweza kuchorwa kikubwa, kwamba kiputo chenye mkia ni usemi na kile chenye mfano wa wingu ni mawazo, kwamba visanduku huanza kushoto kwenda kulia na kushuka chini: yote hayo ni sarufi, na sarufi hufundishwa. Mwalimu anayemtupia mwanafunzi kitabu cha picha na kwenda zake, kwa kudhani kuwa picha hujieleza, amemnyima nusu ya somo.

Hoja ya pili husema kuwa mtindo huu ni wa kigeni, nasi tunajenga utamaduni wa taifa. Twakubali kuwa visanduku na viputo vimetoka ng'ambo, kama ilivyotoka ng'ambo mitambo ya kuchapia vitabu vyetu. Lakini tabia ya kusimulia kwa michoro haikuletwa na meli yoyote. Michoro ya mapangoni huko Kondoa iliachwa na watu walioishi zamani sana, na katika mkoa wetu wa Kagera ipo michoro ya miambani ya Bwanjai. Tena itazameni kanga. Ina pindo, ina mji, na ina jina. Picha na maneno vimekaa katika kitambaa kimoja, na mama anayejifunga kanga huweza kumjibu jirani yake bila kufungua kinywa. Watu wanaovaa maneno yaliyochapwa pamoja na michoro hawawezi kuambiwa kuwa hadithi za picha ni jambo geni kwao.

Aidha, sanaa hii ina wenyewe katika Kiswahili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wasomaji wa gazeti la Uhuru walimfahamu Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Kwa kumcheka Chakubanga, watu walijicheka wenyewe. Huko Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Kisha likaja jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo walizaliwa akina Madenge, Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili, na kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, iliwapa wahusika hao uhai uliowafanya waongelewe kama majirani. Mwaka 1996, Godfrey Mwampembwa, Mtanzania ajulikanaye kwa jina la Gado, alivitoa kwa picha visa vya Abunuwasi, kitabu kilichochapishwa Nairobi na Sasa Sema. Na katika miaka ya 2000 jarida la Si Mchezo! lilipeleka vijijini masimulizi ya picha za kupigwa kwa kamera, yakizungumzia maisha, mapenzi na afya kwa Kiswahili cha kila siku. Anayesema hatuna urithi katika jambo hili hajautafuta.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo husema kuwa hadithi za picha huweza kupotosha. Hapa hatutabisha. Neno la uongo msomaji aweza kulipima. Mchoro wa uongo humwingia machoni kabla hajajiandaa. Mbelgiji Hergé alipomchora Tintin akizuru Kongo, katika miaka ya 1930 na 1931, aliwachora Wakongo kama watoto wakubwa wasio na akili, na mamilioni ya watoto wa Ulaya waliipokea picha ile huku wakicheka. Nasi tusiwanyoshee wengine kidole tu. Katika majarida yetu ya vichekesho ni mara ngapi mwanamke amechorwa kama kiwiliwili kisichokuwa na fikira? Ni mara ngapi mtu wa shamba amechorwa amevaa matambara, mdomo wazi, akishangaa magari ya mjini? Msomaji mpya wa Keza anapofungua jarida na kumkuta mtu wa aina yake amewekwa humo ili achekwe, amekaribishwa nyumbani kisha akatemewa mate. Lakini tiba ya chakula kibovu si kufunga jiko. Tiba yake ni mpishi mwenye dhamiri na mwenyeji anayeonja kabla ya kumwandalia mgeni.

Hapa tumefika kwenye kiini cha jambo. Wapo wapendao hadithi za picha kwa sababu ambayo sisi hatuiafiki. Wao husema: "Mpe picha kwanza, ni chambo, akishanasa, mletee vitabu vya kweli." Maneno haya yana sura ya hekima, lakini yapimeni. Mtu akisema chambo, msomaji amekuwa samaki. Na asemaye vitabu vya kweli amekwisha kiri kwamba kile alichompa mwenzake kwanza ni cha uongo. Anampa mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe angeona haya kuonekana nacho. Msomaji mpya hata akiwa hajui herufi nyingi anajua kusoma nyuso za watu, na dharau ya mpendekezaji huisoma upesi kuliko ukurasa wowote. Ndiyo maana wengi huanza na kuacha. Kitabu hakikuwashinda, waliona tu kwamba mwenye kuwapa kitabu hakuwaheshimu.

Kwa hiyo twasema kuwa kupendekeza kitabu ni aina ya ushahidi. Anayependekeza ameweka jina lake rehani mbele ya mtu asiyeweza bado kujichagulia. Ushahidi huo una masharti yake. La kwanza ni kwamba uwe umekisoma kitabu hicho mwenyewe, ukacheka palipochekesha na kuhuzunika palipohuzunisha. Kama hukukipenda, usimpe. La pili ni kwamba umjue unayempa: umri wake, kazi yake, msiba alio nao na mambo yanayomfurahisha, kwa maana hakuna kitabu cha wasomaji wapya kwa jumla, bali kipo cha huyu na cha yule. La tatu ni kwamba ukae naye kurasa za mwanzo, umwonyeshe sarufi ile ya visanduku na viputo, kisha uondoke kabla hujawa kero. La nne, ambalo ni gumu kuliko yote, ni kwamba umwachie haki ya kukikataa. Mgeni akisema hali chakula fulani, mwenyeji mstaarabu hanuni; hutafuta kingine.

Jambo hili tuliwahi kulifumba katika ubeti mmoja, na tunauweka hapa kwa faida ya wanafunzi:

Mlango mpe mgeni, aingie kwa bashasha,
Usimwache uwanjani, kwa ujuzi kumtisha,
Akiwa ndani nyumbani, ndipo utamzungusha,
Picha hodi mlangoni, kusoma hakujaisha.

Asidhani mtu kuwa kwa kuiita picha mlango tumerudia maneno ya chambo. Chambo hutupwa samaki akishanaswa, lakini mlango ni sehemu ya nyumba. Hata mwenye nyumba hupita hapo kila siku. Msomaji aliyekomaa naye hurudi kwenye hadithi za picha, kwani yako mambo yanayosemwa vema zaidi kwa njia hiyo. Huko Marekani, Art Spiegelman alisimulia katika kitabu kiitwacho Maus mateso ya baba yake mikononi mwa Wanazi, akiwachora Wayahudi kama panya na Wanazi kama paka, na mwaka 1992 akapewa tuzo ya Pulitzer. Mbelgiji Jean-Philippe Stassen alitoa mwaka 2000 kitabu Deogratias, kuhusu kijana mmoja na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Sisi wa Ngara hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, maana mwishoni mwa Aprili ya mwaka ule watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu katika muda wa kama siku moja. Kitabu hicho si cha mtoto, wala si cha msomaji wa siku ya kwanza. Tunakitaja ili ifahamike kuwa sanaa hii ina vyumba vya ndani pia, na kwamba si kila chenye picha ni cha watoto.

Basi kwa vitendo tufanyeje? Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Keza, yenye bibi aliyesahau herufi alizojifunza ujanani na mjukuu wa darasa la nne. Wapeni kitabu kimoja cha visa vya Abunuwasi. Mjukuu atasoma maneno kwa sauti; bibi atasoma nyuso. Mtoto atasema, "Anasema sufuria imezaa." Bibi atasema, "Tazama macho yake, huyo anadanganya." Kila mmoja ana nusu ya hadithi, na hadithi haikamiliki bila wote wawili. Baada ya majuma machache bibi ataanza kulitambua neno "sufuria" kabla ya mjukuu kulitamka, na mjukuu ataanza kuyachunguza macho ya watu. Hapo hatujui tena nani mwalimu na nani mwanafunzi. Mgeni amekuja, na mwenyeji amepona.

Kwa kijana wa sekondari tungeshauri achorwe yeye mwenyewe, yaani apewe hadithi zenye maswali ya rika lake, kisha baadaye aonyeshwe Chakubanga wa miaka ile, ajifunze jinsi taifa lilivyojikosoa kwa kicheko. Kwa mkulima mzima tungeshauri picha zinazohusu shamba, soko na baraza, zilizochorwa na mtu anayejua kuwa jembe hushikwa namna gani. Sisi tuliotumikia ofisi za umma tunajua kuwa waraka wa kurasa nne huweza kukaa ubaoni mwaka mzima bila kusomwa na yeyote isipokuwa aliyeuandika, ilhali mchoro uliobandikwa ukutani mwa zahanati husomwa na wote wanaosubiri dawa.

Na kwa walimu tuna ombi moja. Vitabu ni vichache na fedha ni haba, lakini karatasi na penseli hazijatuishia. Wanafunzi waende kwa wazee wao wakakusanye ngano za Kihangaza na Kishubi, wazigawe katika visanduku sita au vinane, wachore, na waandike maneno ya viputo kwa Kiswahili sanifu. Katika zoezi hilo watajifunza kuchagua lililo muhimu na kuacha lisilo muhimu, jambo ambalo ni nusu ya kazi ya kuandika. Ngano zitahifadhiwa. Kiswahili kitapokea utajiri kutoka milimani. Na yule mtoto aliyekuja shuleni akiwa mgeni wa lugha ya taifa atakuwa ameingia ndani akiwa amebeba kitu cha kwao mkononi.

Majirani zetu wa Burundi na Rwanda wana methali isemayo kwamba kindege kisichoruka hakijui mahali palipoiva. Msomaji mpya ni kindege hicho. Hatutamwambia aruke kwa kumcheka mabawa yake, wala hatutamdanganya kuwa amekwisha fika. Tutamwonyesha shamba ambalo sisi wenyewe tumekula na kushiba, kisha tutamwacha aruke. Walimu na wanafunzi mnaoyasoma haya, chagueni kila mmoja wenu mtu mmoja asiyesoma, mfikirieni kwa jina lake, na mjiulize ni kitabu gani mngeweza kumpa bila kuona haya. Mkikipata, mpelekeeni, hata kama kina picha tupu na maneno machache.